Inchi 30

Baba yangu alipiga besi kwa miaka 11 na hakuwahi kuwa na besi yake. Gitaa lilikuwa la kiwanda. Kiwanda kilikuwa Morogoro na kilikuwa na bendi, kama yalivyokuwa nazo mashirika mengi enzi zile. Wanaoupenda muziki wa dansi wataikumbuka NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ya baba haikufika huko. Ilikuwa bendi ndogo ya kiwanda kimoja, na nje ya Morogoro sidhani kama kuna anayeikumbuka.

Vyombo vilikaa stoo. Siku ya mazoezi unasaini kwenye daftari la mtunza stoo, unachukua gitaa. Ukimaliza unalirudisha, unasaini tena. Hata usiku wa dansi, wakimaliza saa 10 alfajiri, lazima mtu akaamshwe aje afungue mlango. Bendi ilipokufa baba alirudisha gitaa kwa mara ya mwisho, akasaini, akaenda nyumbani kwa miguu. Mimi sikuwa nimezaliwa.

Alichobaki nacho ni mdomo. Akinyoa ndevu, akimenya muhogo, akisubiri maji yajae kwenye ndoo, anapiga besi kwa mdomo. Kuna wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, bendi ikaupiga kumbini miaka miwili lakini haikuwahi kuurekodi. Besi ya wimbo huo naijua kuliko maneno yake, maana maneno baba huyasahau katikati na kuanza kuguna, lakini besi haijawahi kumpotea.

Mwaka 2022 alipata kiharusi. Kilikuwa chepesi, ndivyo tulivyoambiwa, na sisi tukalishika neno hilo "chepesi" kama kamba. Mkono wa kushoto ulirudi polepole: kidole gumba, cha shahada, cha kati. Cha pete na cha mwisho vinatii vikipenda. Asubuhi moja nikiwa likizo nilimsikia anapiga ule wimbo kwa mdomo, akafika sehemu fulani akarudia, akarudia tena, kisha akanyamaza. Nilirudi Dar na ukimya ule.

Nasoma uzamili wa takwimu. Nilikuwa na laki 9 nilizolipwa kwa kukusanya data za utafiti wa watu wengine, na fedha hizo zilikuwa na kazi yake: nauli na posho za kukusanya data za tasnifu yangu mwenyewe. Nilikuwa na laptopu, programu ya kurekodia, na intafesi, kile kisanduku kidogo unachochomekea gitaa upande mmoja na kompyuta upande mwingine. Kisanduku kilikuwa cha rafiki aliyehamia Arusha. Alisema atakirudia, hakukirudia. Kilichokosekana ni besi yenyewe. Nikajiambia namnunulia baba. Hata rafiki zangu niliwaambia hivyo, na nilipenda walivyonitazama.

Dukani Kariakoo muuzaji aliniuliza, "Dada, unanunulia kwaya?"

"Hapana kaka, nanunua langu."

Ndivyo nilivyojibu. Sikulitaja jina la baba. Nililiona hilo baadaye, nikiwa kwenye daladala narudi.

Alinipa gitaa jeusi, jipya, la laki 4 na nusu. Nilipoweka kidole kwenye freti ya kwanza, yaani kile kijiti cha chuma cha mwisho kabisa kule kichwani, mkono ulinyooka kama nimeshika bomba la daladala nikiwa nimesimama. Ninapiga gitaa la kawaida tangu sekondari, vidole vyangu si vigeni na nyuzi. Lakini kutoka freti ya 1 hadi ya 4 vidole vilikataa. Baadaye nilipiga hesabu. Besi ya kawaida uzi wake una urefu wa inchi 34 kutoka kichwani hadi darajani. Ndicho kipimo alichokitumia Leo Fender kule California mwaka 1951 alipotoa Precision Bass, na dunia ikakifuata. Kwa urefu huo, freti ya 1 hadi ya 4 ni milimita 130. Kwenye besi fupi, ya inchi 30, ni milimita 114. Tofauti ni milimita 15 na ushee, upana wa kidole. Kwa mtu aliyebakiwa na vidole vitatu vya uhakika, kidole kimoja ni kitu kikubwa sana.

"Hakuna fupi?"

"Fupi ni za watoto, dada."

Hilo nalo lina historia yake. Fender walipotoa Mustang Bass ya inchi 30, mwaka 1966, walikuwa na wanafunzi akilini, na jina hilo likagoma kutoka. Ila Paul McCartney alikuwa ameshanunua Höfner yake yenye umbo la fidla huko Hamburg mwaka 1961, nayo ni fupi, na sijasikia mtu akimwambia ni ya watoto. Sikumwambia muuzaji haya. Nilimwomba jambo jingine, anilegezee nyuzi zote nne zishuke sauti moja nzima. Akanitazama kama nimemwomba avunje kioo, lakini akafanya. Kisha nikapiga nikijifanya shingo inaanzia freti ya 2.

Kama unafikiria besi fupi na hujawahi kuishika, fanya hivyo. Kutoka freti ya 2 hadi darajani kwenye besi ndefu ni inchi 30 na kidogo, na kwa kuwa umelegeza, sauti unayoipata ni ileile ya besi fupi iliyofungwa kawaida, na mvuto wa nyuzi ni uleule. Dakika 10 dukani zinakuonyesha unachonunua na unachopoteza. Nilichopata: mkono ulikunja kiwiko, vidole vikafika. Nilichopoteza: uzi mnene, ule wa E, ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo. Hesabu inasema hivyohivyo. Kwa uzi uleule na sauti ileile, mvuto unafuata mraba wa urefu, kwa hiyo inchi 30 ukilinganisha na 34 zinakupunguzia asilimia 22 ya mvuto. Ndiyo maana niliiacha Ibanez Mikro, ambayo ni fupi zaidi, inchi 28.6. Pale unapoteza asilimia 29, na nilimjua baba: angegusa E mara moja na kuniuliza kama uzi umelowa.

Muuzaji alirudisha nyuzi mahali pake. Sikununua. Niliomba samahani mara tatu.

Niliyoipata ilikuwa Squier Bronco iliyotumika, inchi 30, nyekundu, imechubuka mgongoni, kutoka kwa kijana wa Kigamboni aliyekuwa anahamia kwenye kinanda. Laki 5 na nusu baada ya kuvutana. Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Nikamwambia nimenunua besi. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja tu: "Na hiyo shule?" Nikamwambia shule ipo. Shule haikuwepo sana mwezi ule, na msimamizi wangu analijua hilo.

Usumbufu wa kwanza ulikuwa nyuzi. Nilitaka nene kidogo, zirudishe ule mvuto uliopotea, lakini kila duka nililoingia lilikuwa na za besi ndefu tu. Uzi wa besi huwa mnene hadi karibu na mwisho, halafu unakonda pale unapozungushwa kwenye kigingi. Ukiufunga kwenye besi fupi, ile sehemu nene ndiyo inayofika kigingini, inakataa kujikunja, na ukiulazimisha unaanza kufumuka. Niliharibu E moja hivyo, nikaitazama ikifumuka kama sweta. Seti niliyoitaka, ya urefu wake, ilikuja na mtu aliyekuwa anatoka Nairobi, ndani ya soksi.

Usumbufu wa pili ulikuwa mvumo. Bronco ina sumaku moja tu ya kunasia sauti, ya koili moja, na koili moja hunasa kila kitu: taa ya tyubu, friji ya jirani, na zaidi ya vyote chaja ya laptopu. Nikajifunza kuchomoa chaja, kuzima taa, kisha kuzungukazunguka na gitaa kitandani hadi nipate upande ambao mvumo unapungua. Upande huo ni kuelekea dirishani. Majirani, kwa upande wao, hawakusikia kitu. Gitaa likiingia moja kwa moja kwenye kompyuta, nje ya hedifoni ni tik-tik tu, kama panya kwenye dari. Mama mwenye nyumba aliniuliza kwa adabu kama nina panya.

Nikaurekodi wimbo. Gitaa la rhythm nilipiga mimi, la solo nililipiga vibaya, na besi nikaipiga jinsi nilivyoisikia mdomoni mwa baba miaka yote. Wiki mbili. Kwenye hedifoni besi ilijaa, nene, ya mviringo, na nilijiona fundi. Nikautuma Morogoro kwa WhatsApp saa 3 usiku. Jibu lilikuja kwa sauti, na kwa nyuma nilimsikia mama akicheka kitu kingine.

"Nimesikiliza mama. Magitaa nayasikia. Besi iko wapi?"

Nililia, nasema kweli, kisha nikachukua simu yangu nikasikiliza kwa spika ya simu, kama alivyosikiliza yeye. Besi haikuwepo. Uzi wa E ukiachiwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kusukuma hewa kiasi hicho. Besi tunayoisikia kwenye simu kwa kweli ni sauti ndogondogo zilizo juu yake, za mitetemo 82, 123 na kuendelea. Sikio likizipata hizo linajijazia lenyewe ile ya chini. Tatizo la besi fupi ni kwamba unene wake unatoka chini na hizo za juu ni chache. Kile kile nilichokipenda kwenye hedifoni ndicho kilichomnyima baba wimbo wake. Dawa yake si ngumu ukishajua: unanakili besi mara mbili, moja unaiacha safi, ya pili unaikata chini na kuitia ukwaruzo kama redio mbovu, unaichanganya kidogo sana. Peke yake inachukiza. Ndani ya wimbo, simu inapata kitu cha kutamka.

Lakini sikumtumia tena. Baba alikuwa na kliniki Dar wiki iliyofuata.

Alifika na begi dogo na muhogo wa kilo nyingi. Alipoliona gitaa alilitazama kwa muda. "Limekatwa?"

"Ndivyo lilivyo, baba."

Alikaa kitandani, akaliweka mapajani. Hakulisifia. Alianza kulirekebisha sauti kwa masikio, akikataa programu yangu, akalipata sawasawa. Kisha akapiga, polepole mno, kwa vidole vitatu, na nilichokisikia hakikuwa nilichorekodi mimi. Kuna pahala mimi niliweka sauti, yeye aliacha uwazi. Mdomo, kumbe, ulikuwa unajaza kwa "dum" pale ambapo mkono siku zote ulinyamaza. Miaka yote hiyo nimejifunza besi ya mdomo. Nilitaka kumweleza kuhusu milimita na asilimia, nikaona haya.

Mara ya kwanza alikosea. Ya pili kidole cha pete kiligoma akatukana taratibu, na mimi nikajifanya nashughulika na kompyuta. Ya tatu, alipofika kwenye ubeti wa pili, umeme ukakatika. Feni ikasimama, friji ya jirani ikazima, mtaa mzima ukaguna. Laptopu ilikuwa inatumia betri na intafesi inakula umeme wake hukohuko, kwa hiyo mistari kwenye skrini iliendelea kutembea. Nilimwashiria asiache. Hakuwa amefikiria kuacha. Kwenye hedifoni mvumo ulikuwa umekwisha wote, na gizani nilimsikia yeye tu, na pumzi yake, na ule uwazi.

Alimaliza. Akafuta nyuzi moja moja kwa leso yake, kwa utaratibu, akasimama na gitaa mkononi akitazama huku na huku chumbani.

"Nalirudisha wapi?" akauliza.