Sifuri moja tu, na ghala la Mombasa likazimika

Ni siku nyingi sijaandika, kazi zimenibana. Leo nawasimulia kisa cha mwaka 2012 ambacho nimekificha muda mrefu kwa sababu ya aibu.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, si mtu wa mitandao. Lakini mnajua mambo ya hapa kwetu: ukishaonekana unajua kompyuta, utaitwa hata simu ya mezani ikiharibika. Mteja wangu mmoja alikuwa na ofisi Nairobi na ghala Mombasa. Seva ya programu yangu ya mauzo ilikuwa Nairobi, nyuma ya fayawoli aina ya Cisco ASA, na ghala liliifikia kwa laini ya kukodi.

Siku hiyo nilikuwa ghalani. Bosi akapiga simu: ofisi ya Nairobi imeongeza orofa, na kompyuta za huko hazipati intaneti. Sababu niliijua. Fayawoli hutambua yenyewe mitandao iliyounganishwa nayo moja kwa moja tu. Mtandao mwingine wowote lazima uiambie uko upande gani na pakiti akabidhiwe nani. Usipoiambia, majibu hutupwa kwenye njia ya jumla, upande wa intaneti, yakapotelea huko. Dawa ni mstari mmoja:

route inside 10.2.1.0 255.255.255.0 10.1.1.2

Yaani, pakiti za kwenda 10.2.1.0 zitokee upande wa ndani, zikabidhiwe swichi yenye anwani 10.1.1.2. Rahisi. Nikaingia kwa SSH, nikaandika haraka haraka, nikabonyeza Enter. Dirisha likaganda.

Nilikuwa nimeandika 10.20.1.0. Na huo, jameni, ndio mtandao wa ghala nililokuwa nimeketi ndani yake!

Mtauliza, njia ya zamani ya Mombasa si ilikuwepo bado? Ilikuwepo:

route matawi 10.20.0.0 255.255.0.0 172.16.0.2

Lakini fayawoli haijali njia ipi ilitangulia. Huchagua ile inayotaja eneo dogo zaidi. Maski ya 255.255.0.0 hushika anwani 65,536, ile ya 255.255.255.0 hushika 256 tu. Ni kama makanga aambiwe "abiria wa Pwani wote wapande basi la Mombasa", kisha mwingine aongeze "ila wa Likoni wapelekeni Kawangware". Wa Likoni wataenda Kawangware. Ndivyo majibu yetu yote yalivyopelekwa orofa mpya ya Nairobi.

Nje malori matatu yalikuwa yakingoja hati za kupakia. Meneja wa ghala akaja. "Kijana, mtandao umekatika tena?"

Februari mwaka huohuo nanga ya meli ilikuwa imekata waya wa TEAMS baharini karibu na bandari ya Mombasa, na kila mtu alikumbuka. Ningesema "ndiyo", angeamini, na lawama ingewaangukia watu wa laini. Neno lilifika mdomoni kabisa.

"Hapana, madam. Ni mimi nimeharibu."

Akanitazama. "Basi tengeneza."

Bahati yangu moja: sikuwa nimeandika write memory, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Nikampigia dada wa mapokezi Nairobi, aingie chumba cha seva achomoe waya wa umeme.

"Visanduku viko vitatu, nichomoe kipi?"

"Kilichoandikwa ASA. Soma vizuri, dada yangu, tafadhali."

Alisoma vizuri kuniliko. Baada ya dakika chache fayawoli iliwaka na mipangilio ya zamani, na printa ya ghala ikaanza kulia.

Tangu siku hiyo, nikigusa njia za mtandao kwa mbali, amri ya kwanza ni reload in 10. Nikijifungia nje, baada ya dakika kumi kifaa kitajizima na kuwaka chenyewe kama kilivyokuwa. Nikiona mambo shwari kwa show route, naandika reload cancel, na hapo ndipo nahifadhi. Ukihifadhi mapema umejichongea.

Saa hizo mbili sikuziandika kwenye ankara. Bosi alinuna wiki nzima. Kwaherini kwa sasa, na hesabuni sifuri zenu kabla ya kubonyeza Enter.