Kibao Kule, Mwalimu Huku

Kila Jumatano jioni, hata theluji ikianguka, humpeleka binti yangu kipindi cha Kiswahili hapa Göteborg. Mwaka 1977 Sweden ilizipa manispaa zake wajibu wa kuwafundisha watoto wa wahamiaji lugha ya nyumbani kwao. Siku hizi wakipatikana watano wa lugha moja katika manispaa, na mwalimu anayefaa akawepo, manispaa inawajibika kuwafundisha.

Nikimsubiri ukumbini, hujikuta nikijipapasa shingo. Sekondari niliyosoma, si mbali na kwetu Ubena Zomozi, Tanzania, aliyenaswa akisema Kiswahili au Kikwere, lugha ya nyumbani kwetu, alivishwa kibao cha mti mpaka amnase mwenzake. Tulikuwa tumetoka miaka saba ya masomo kwa Kiswahili, na sasa tulifundishwa kwa Kiingereza. Basi tulichojifunza kwanza ni kunyamaza.

"He" na "she" vilitutesa, maana kwetu wote ni "yeye". Kumbe benchi moja nasi alikaa Mmasai, ambaye kwao jina lenyewe hubeba jinsi tangu silabi ya kwanza: olayioni mvulana, entito msichana. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwalimu mmoja tu, tena baada ya kuchungulia mlangoni, aliandika ubaoni "tumekula", akaikata kwa chaki: tu-me-kula. Chini yake akapanga "we", "have", "eaten". Ile "have", ambayo mwezi mzima tuliitafsiri "kuwa na", ikapata pa kukaa. Ilikuwa "me" yetu.

Sisemi huku ni peponi. Kipindi cha Kiswahili huja masomo yakiisha, binti yangu akiona wenzake wakielekea mpirani, naye hununa njia nzima. Wala sitaki Kiingereza kipunguzwe kule. Ndicho kilichonipa kazi ya kwanza ughaibuni. Ila mbacha si lazima utupwe ndipo msala utandikwe.

Likizo iliyopita, barazani Ubena, mpwa wangu wa kidato cha pili alikwama kwenye zoezi la Kiingereza. Nikamwandikia mchangani tu-me-kula, na "we have eaten" chini yake. Binti yangu akaongeza mstari wa Kiswidi: "vi har ätit".

"Kumbe hiyo 'har' ndiyo 'me' yao!" mpwa akasema.

Mama, aliyekuwa akipeta mchele, akainamia ile mistari mitatu ingawa macho yake hayasomi tena vizuri. "Haya wajukuu zangu, lugha tatu zimekula. Kikwere mmekibakizia?"

Binti yangu akanigeukia mimi.