Kabla hujavuka ziwa, fungua jaketi uangalie mtungi wa gesi

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Wengi wenu mnavusha nyanya, mahindi na dagaa Ziwa Victoria kwa mitumbwi ya injini, na mimi kazi hunivusha hukohuko. Siku hizi naona baadhi yenu mmevaa majaketi okozi yale membamba ya kujaza gesi. Ni mepesi, hayasumbui ukibeba mzigo. Lakini jaketi la sponji huelea lenyewe. Hili jembamba bila gesi ni kitambaa tu.

Gesi yake ni hewa ya ukaa, imo kwenye mtungi mdogo wa chuma uliofichwa ndani. Ukivuta kamba, sindano hutoboa mdomo wa mtungi na jaketi hujaa kwa sekunde chache. Adui wa mtungi huo ni kutu. Ukilikunja jaketi likiwa bichi, unyevu hubaki ndani na kwa nje huoni kitu.

Hivi karibuni nilimfungulia mama mmoja muuza dagaa jaketi alilonunua mtumba. Kwa nje lilikuwa safi kabisa. Ndani, upande wa mtungi unaolalia kitambaa, kutu ilikuwa imeshachora alama kwenye mfuko wa hewa. Kutu hukwaruza mfuko huo hadi utoboke, na hapo gesi ikitoka haina pa kukaa.

Langu nalikagua hivi kila baada ya miezi mitatu:

1. Fungua jaketi, kisha zungusha mtungi kushoto uutoe. Usivute kamba.

2. Tazama mdomo wake. Ukiwa na tundu, umeshatumika.

3. Tazama mwili mzima na nyuzi za kukazia. Ukiona kutu, nunua mwingine. Msasa na rangi vinaficha tu.

4. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, ile inayosoma gramu. Linganisha na uzito wa mtungi mzima uliogongwa juu yake. Usichanganye na uzito wa gesi peke yake, kwa mfano gramu 33. Ukipungua, gesi imevuja.

5. Jaza jaketi kwa mdomo, liache saa 24. Likilegea, linavuja. Kisha toa hewa yote. Kamba ikivutwa likiwa limejaa pumzi, linaweza kupasuka.

6. Rudisha mtungi, kaza kwa mkono hadi ugote.

Kama jaketi lako hujifyatua lenyewe likilowa, soma pia tarehe ya mwisho ya kifaa chake cha kufyatulia. Likilowa maji ya chumvi, lisuuze kwa maji baridi, ulianike kivulini hadi likauke ndipo ulikunje.

Mtungi mpya lazima ulingane na ulioandikwa kwenye jaketi. Usipoupata, usivuke kwa matumaini. Nunua la sponji. Na muuzaji wa mtumba akikukatalia kufungua jaketi, mwachie jaketi lake. Nyanya zikizama utalima tena.