Safari Yetu ya Musoma, Butiama na Bunda

Wazee walisema, mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nami nimeona vema kuwapasheni habari za safari tuliyoifanya mwezi wa Juni, shule zilipofungwa: mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, mwalimu mwenzangu, na vijana sita wa mafundisho. Jumla yetu tulikuwa watu kumi na wawili.

Sababu ya safari ni hii. Vijana wetu wanayajua majina ya miji ya Ulaya inayochezewa mpira, lakini nilipowauliza Mto Mara unatoka wapi na unaishia wapi, hakuna aliyejibu. Wageni wanatoka ng'ambo na kulipa fedha nyingi ili waione nchi hii. Sisi tuliozaliwa ndani yake twaipita kama mtu apitaye mlangoni pa jirani bila kubisha hodi. Basi tukaweka akiba kidogo kidogo tangu Krismasi, hata nauli ikatimia.

Tuliondoka kwetu, upande wa Tarime, asubuhi na mapema kwa gari la abiria. Katika daraja la Kirumi vijana wakapata jibu lao kwa macho. Mto Mara hutoka katika nchi ya juu ya Mau huko Kenya, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha hupanuka ukawa kinamasi kikubwa cha mafunjo, ndipo uingie katika Ziwa Viktoria. Mafunjo yale hupunguza mwendo wa maji, na tope hubaki humo. Mkoa wetu mzima umepewa jina la mto huu.

Hata saa nne tukawa Musoma. Mji huu umekaa juu ya rasi iliyoingia ziwani, hivi kwamba ukitembea kidogo tu, upande huu au upande ule, wafika majini. Ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko yote ya Afrika, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ni mali ya nchi tatu: Tanzania, Uganda na Kenya. Pwani yake ina majabali makubwa yaliyopangana kama vyungu vilivyopinduliwa, na mnandi hukaa juu yake wakikausha mabawa. Watoto walitaka kukaa hapo kutwa.

Lakini jambo lililotufundisha zaidi ni kazi ya wavuvi wa dagaa. Hutoka usiku wa giza na taa zao. Dagaa huifuata nuru wakanaswa wavuni. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, maana taa haina nguvu mbele ya mwezi. Asubuhi kina mama huwapokea dagaa na kuwaanika juani, huku wakiwafukuza ndege na kuwageuza geuza mpaka wakauke. Mke wangu alisaidia saa moja, akarudi ameshika kiuno. Akawaambia watoto, "Tangu leo asinione mtu anaacha dagaa sahanini."

Siku ya pili tulikwenda Mwisenge, katika shule aliyoanza kusoma Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1934, naye akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mugaya. Kutoka kwao Butiama mpaka shuleni ni mwendo wa maili 26, nao ulikwendwa kwa miguu. Aliposoma hapo alifaulu vizuri, akapelekwa Shule ya Tabora mwaka 1937.

Kutoka hapo tukaenda Nyegina, misheni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911. Hapo niliwakusanya vijana wangu sita, kwa kuwa baadhi yao hunung'unika kwamba mafundisho ni marefu mno. Nikawaeleza kwamba Kambarage alianza kufuata mafundisho ya dini alipokuwa mtoto wa shule Mwisenge, lakini alibatizwa hapa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akapewa jina la Julius. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi wa Makerere, kule Uganda. Wakahesabu miaka kwa vidole, wakatazamana. Manung'uniko sikuyasikia tena mpaka tuliporudi nyumbani.

Siku ya tatu tulishika njia ya Butiama. Tulipokaribia tulishuka garini, tukaenda sehemu ya mwisho kwa miguu, ili watoto wapime wenyewe njia ya mtoto yule. Nchi ni ya vilima na mawe, yenye mashamba ya mihogo na mtama katikati yake. Baada ya saa mbili mtoto wetu mdogo aliketi juu ya jiwe, akauliza, "Baba, na yeye alikuwa anabebwa?" Nikamjibu kwamba hakubebwa. Akanyamaza kidogo, akainuka, akaendelea.

Mahali pa nyumbani kwake panaitwa Mwitongo. Hapo alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, na kwa ajili hiyo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua katika mila za Wazanaki. Hapo pia alirudi kuishi na kulima alipoacha urais mwaka 1985. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mwezi huohuo akazikwa hapa kwao. Tuliingia kaburini kwa utaratibu, tukasali. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake, kama Kanisa lifanyavyo kabla ya kumtangaza mtu kuwa mwenyeheri, na tangu hapo huitwa Mtumishi wa Mungu.

Jirani ipo nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1999, yenye picha zake na zawadi alizopewa na watu wa nchi nyingi. Mwalimu mwenzangu, ambaye ni mpenzi wa vitabu, alifurahi kuwaambia vijana kwamba mtu huyu, katikati ya kazi za serikali, alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Nami nilipendezwa na msitu mdogo uitwao Muhunda, ulio karibu na hapo. Watu wa kale waliuheshimu, hawakuukata, na mpaka leo miti yake imesimama na nyani wake wamo. Sisi hatuogopi mizimu. Lakini niliwauliza vijana, je, sisi tumwaminio Muumba wa miti tunaikata kwa pupa kuliko wale walioiogopa? Hakuna aliyejibu, wala mimi sikulazimisha jibu.

Siku ya nne tulifika Bunda, mji ulio baina ya ziwa na mbuga ya Serengeti. Tulikodi gari, tukaingia kwa lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Miezi ya Mei na Juni nyumbu, ambao jumla yao hupita milioni moja, huja upande huu wa magharibi wakitafuta majani, nao huvuka Mto Grumeti wenye mamba wakubwa ajabu. Tuliwaona nyumbu tangu chini ya gari mpaka mwisho wa macho, wote wakienda upande mmoja, na kelele zao kama za soko. Katika miti ya kando ya mto tuliwaona mbega wenye manyoya marefu meupe mgongoni.

Jioni tulipokelewa na mzee mmoja, Mkristo wa siku nyingi. Vijana walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akawakaribisha uji. Alikuwa mwenyeji wa kata ya Nyatwali, nchi iliyo kati ya Serengeti na Ghuba ya Speke. Katika miaka hii ya karibuni Serikali iliazimu kuwahamisha wakazi wa kata ile kwa kuwalipa fidia, ili wanyama wapate njia ya kufikia maji ya ziwa wakati wa kiangazi, na pia kwa kuwa tembo walikuwa wakiharibu mashamba na kuhatarisha watu. Vijana walikuwa bado wanasimuliana habari za nyumbu kwa furaha. Mzee aliwasikiliza, kisha akaniambia:

"Mwalimu, mimi siwachukii wanyama. Wana kiu, kama ng'ombe wangu walivyokuwa na kiu. Na usiku tulikesha tukipiga madebe kuwafukuza tembo, hatukulala. Lakini ukiwaonyesha watoto hawa uzuri wa pori, waambie pia kwamba kule ziwani palikuwa na miembe, na sisi ndio tuliyoipanda."

Neno hili liliwanyamazisha wote. Mwezi wa Septemba 1961, karibu na uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza Arusha kwamba wanyama wa pori ni amana tuliyopewa tuitunze. Ni kweli. Lakini amana ya watu wote haifai kulipiwa na jirani wa mbuga peke yake, naye asahauliwe. Usiku ule vijana walimwombea mzee na jamaa zake bila kuambiwa na mtu.

Basi, wazazi na walimu, nawashauri mambo matatu. Kwanza, safari ya namna hii haihitaji utajiri: wekeni akiba mapema, chukueni chakula chenu, ombeni malazi katika misheni au kwa ndugu, na mfanye shauri la kukodi gari pamoja. Pili, nendeni Bunda kabla mvua hazijarudi, maana udongo mweusi wa upande ule ukilowa hunasa magari. Tatu, na hili ndilo kubwa, msiwafundishe watoto kutazama tu. Wafundisheni kuuliza: nani anayekesha ili samaki huyu afike? Nani aliyeitembea njia hii kabla yetu? Nani aliyeiacha nchi yake ili tuione mbuga hii? Mtoto anayeuliza hivyo atajifunza kushukuru, na anayeshukuru hataharibu.