Nguzo za Carema

Mvinyo wa Carema ukimiminwa hautishi mtu. Rangi yake ni nyekundu iliyopauka. Ukiinua glasi dirishani unaona vidole vyako upande wa pili. Aliyezoea mivinyo mizito atadhani umetiwa maji. Kisha harufu ya waridi kavu inapanda, unaonja, na ulimi unakamatwa kama umekula bibo.

Zabibu ni nebbiolo, ile ile ya Barolo, ingawa wenyeji huiita picotendro. Kinachoubadilisha mvinyo ni mlima. Carema ni kijiji cha mwisho cha Piemonte kabla ya kuingia Valle d'Aosta, pale milima ya Alpi inapolibana bonde la mto Dora Baltea. Mizabibu iko kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe, ikitambaa juu ya vichanja vya mbao vinavyoshikiliwa na nguzo nene za mawe. Nguzo hizo hunywa jua mchana kutwa na kurudisha joto usiku. Trekta haifiki huko. Wenyeji husema hata udongo ulipandishwa kwa vikapu mgongoni.

Nilipanda matuta hayo nikisoma Torino, na nilipanda kwa sababu ya baba zaidi ya mvinyo. Sisi ni watu wa Hombolo, Dodoma, ambako ardhi ni tambarare, jua halikopeshwi, na mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Baba alikuwa na ekari mbili. Msimu mmoja mnunuzi aliyeahidi kuja hakuja. Zabibu si mahindi, hazingoji. Zilianza kuchacha zikiwa bado mtini, nyuki wakasherehekea. Mwaka uliofuata baba aling'oa nusu ya shamba akapanda alizeti. Hakulizungumzia tena.

Kwa hiyo swali langu Carema lilikuwa moja: kwa nini hawa hawajang'oa?

Sababu za kung'oa wanazo. Ivrea, mji wa karibu, ndiko kilikokuwa kiwanda cha Olivetti, watengenezaji wa mashine za kuchapa, nacho kilivuta vijana kutoka vijiji vyote vya jirani. Nani aendelee kubeba mawe wakati kuna mshahara wa mwezi? Matuta mengi yalirudi kuwa msitu. Unayaona hadi leo, nguzo zimesimama katikati ya miti kama watu waliosahaulika kituoni.

Yaliyobaki yamebaki kwa sehemu kubwa kwa sababu ya ushirika. Ulianzishwa mwaka 1960, miaka saba kabla mvinyo wa Carema haujapewa hadhi ya kisheria ya DOC. Wanachama wake wengi wana vipande ambavyo kwetu tungeviita bustani. Peke yake, mwenye kipande kama hicho hawezi kununua mapipa, wala kungoja miaka miwili ambayo kanuni inataka mvinyo ukae kabla ya kuuzwa. Ule wa Riserva hungoja mitatu. Ushirika ndio unaongoja kwa niaba yake.

Mzee mmoja niliyemkuta akifunga matawi kwa vijiti vya mti laini aliniambia aliwahi kufanya kazi kiwandani, na shamba alikuwa akililima Jumamosi. Nilimuuliza kama linamlipa. Alicheka akaonyesha magoti yake. Kisha akasema jambo ambalo nilitamani baba angelisikia: tangu azaliwe hajawahi kuvuna bila kujua zabibu zinakwenda wapi.

Jioni nilimpigia baba nikamsimulia. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na wanalipwa lini?" aliuliza.

Nilimwambia alivyoniambia mzee: kidogo baada ya mavuno, kingine baadaye, kwa awamu, lakini hulipwa.

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Hizo nguzo," alisema, "zina unene gani?"

Nikamwambia nilikumbatia moja, vidole vikakutana kwa shida.