Tulikwenda Lushoto kwa Njia ya Mwera

Mkitazama ramani ya Mkoa wa Tanga mtaona kwamba Mwera si njia ya kwendea Lushoto. Lushoto iko juu milimani, na Mwera iko pwani, kusini ya mto Pangani. Lakini mimi na mke wangu tulikwenda Lushoto kwa njia ya Mwera, nami nataka kuwasimulia siku tatu za kwanza za safari ile.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, lakini kazi yangu ni vitabu: kitabu cha ubatizo, cha ndoa, na cha marehemu. Jioni moja ya mwaka 2019 nilikuwa nyumbani nikinakili orodha ya marehemu wa parokia. Mke wangu alikuwa akichagua mchele. Akaniuliza, bila kuinua uso, "Baba, mama yangu mimi ameandikwa katika kitabu gani?"

Nikanyamaza, maana sikujua.

Mama yake alikufa mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, akazikwa kwenye shamba moja la mkonge upande wa Mwera. Mke wangu alikuwa na miaka minane. Shangazi yake akaja kumchukua, akamleta Tanga, wala hakurudi tena kule. Tulipofunga ndoa mwaka 2013 niliahidi mbele ya shangazi huyo kwamba nitampeleka mke wangu akalione kaburi la mama yake. Ikapita miaka sita.

Mtu aweza kuuliza ni kitu gani kilichonizuia. Kutoka Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita 50 tu. Ukivuka mto, Mwera si mbali. Basi ndilo jambo lenyewe. Kwa kuwa ni karibu nilisema tutakwenda siku yoyote, na siku yoyote haikufika. Mwaka mmoja fedha zilikwenda kwenye mabati ya nyumba ya ndugu yangu, mwaka mwingine kwenye ada. Mke wangu hakunung'unika, nami nikadhani amesahau.

Mwezi wa Agosti nilipata likizo ya wiki moja. Watoto tukawaacha kwa mama yao mdogo. Katekista mmoja akatuazima pikipiki yake, kwa sharti kwamba tuirudishe na tangi limejaa. Nikaandika mpango wa safari katika daftari kama mwalimu anavyoandaa somo: siku ya kwanza Tanga hadi Pangani, ya pili Pangani hadi Muheza na Korogwe, ya tatu Mombo na kupanda Lushoto. Tangu nilipokuwa chuoni nilitamani kuiona Lushoto, na misheni ya Gare iliyoko kule juu tangu wakati wa Wajerumani. Chini kabisa ya ukurasa niliandika kwa kalamu ya risasi: "Mwera, kama muda utakuwapo." Aibu ya mstari ule ninayo hata leo.

Tukaondoka asubuhi, mkeka na kikapu vimefungwa nyuma, na chupa ya chai ndani ya kikapu. Siku zile barabara ya kwenda Pangani ilikuwa ya udongo na mashimo. Haikupita saa nzima tukafika Tongoni. Pale, karibu na bahari, pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi kama 40 ya mawe na chokaa, yaliyojengwa na Waswahili zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mengine yalikuwa na nguzo ndefu, nyingi zimeanguka. Mimi, kwa desturi yangu ya kutaka kufundisha, nikaanza kumweleza mke wangu kwamba mwaka 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi, alitia moto merikebu yake moja karibu na pwani hii, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuziendesha merikebu tatu.

Hakunisikiliza. Alikuwa ameinama mbele ya nguzo moja, ametia vidole katika shimo la mviringo. Mtunzaji wa mahali pale akasema kwamba zamani matundu kama hayo yalitiwa mabakuli ya kaure yaliyotoka ng'ambo. Mke wangu akageuka kunitazama, akasema, "Hata mama aliwekewa bakuli. La bati, lenye maua mekundu. Nilitoka nalo nyumbani mimi mwenyewe."

Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kuniambia neno lile. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Karibu na Kigombe gurudumu la nyuma likapata pancha. Kijana mmoja akaliziba chini ya mwembe, nasi tukanywa chai yetu. Jua lilipokuwa likishuka tukaingia Pangani.

Pangani ni mji uliotulia. Nyumba za zamani zenye milango ya kuchongwa zimesimama zikielekea mto, na ukizitazama huwezi kudhani kwamba mji huu ulitikisa pwani nzima mwaka 1888, Abushiri alipoongoza vita dhidi ya Wajerumani. Walimnyonga hapa hapa Desemba 1889. Tukapata chumba katika nyumba ya wageni, tukala wali na samaki. Kisha nikafungua daftari, nikasema, "Mama, kesho tuondoke mapema, tufike Korogwe kabla ya jua kali. Mwera tutaipitia siku nyingine, maana ni kuvuka mto na kurudi tena."

Akanijibu polepole, "Wewe nenda Korogwe. Mimi nitavuka. Ukirudi kutoka Lushoto utanikuta kule."

Hakukasirika, hakulia. Akazima taa akalala. Mimi sikupata usingizi upesi. Usiku ule nilisikia mawimbi, na nikahesabu moyoni majina niliyoyaandika katika kitabu cha marehemu tangu nianze kazi, na mara ngapi niliwaambia wafiwa, "Jina lake tumelihifadhi."

Asubuhi nikapeleka pikipiki kwenye kivuko. Mke wangu alikuwa ametangulia, amesimama na kikapu chake katikati ya watu wenye kuku na baiskeli. Aliponiona akasogea kunipisha nafasi, basi. Mto ule ni mpana na maji yake ni ya udongo. Yametoka Kilimanjaro na Meru. (Baada ya safari yetu kazi ya kujenga daraja pale imeanza, pamoja na barabara ya lami.) Tukavuka bila kusema neno.

Ng'ambo ile ndiyo nchi ya mkonge wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida huko Marekani. Mingi ikafa njiani, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto huu. Kwa sababu ya miche ile 62, maelfu ya watu walitoka Songea, Kigoma na kwingineko, wakaja kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Babu wa mke wangu alikuwa mmoja wao.

Tukauliza habari mpaka tukaelekezwa kwa mzee mmoja Mwislamu, aliyefanya kazi shambani tangu ujana. "Shikamoo, mzee." "Marahaba wanangu, karibuni." Mke wangu akataja jina la mama yake. Mzee akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Yule aliyekuwa akiimba korona? Wewe ndiwe binti yake?" Korona ni kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge. Mke wangu hakuweza kujibu.

Akatuongoza katikati ya mistari ya mkonge mpaka penye mwarobaini mkubwa, ambapo mistari inakatika. Alituambia kwamba walipotaka kupanda upya, wazee waliwasihi wasilime pale, ingawa waliolala pale si wa dini yao. Palikuwa na vituta na mawe machache, na nyasi hadi magotini. Hapakuwa na msalaba hata mmoja. Bakuli halikuonekana. Mzee akanyosha fimbo: "Ni hili, au lile. Mvua zile zilichukua kila kitu."

Siku ile ikaisha katika kutafuta bakuli, nasi hatukulipata. Tukalala kwa mzee, nje, juu ya mkeka wetu.

Siku ya tatu, siku ambayo kwa daftari langu nilipaswa kuwa Lushoto, mke wangu alikata matawi ya mwarobaini akafagia. Hakufagia yale mawili tu, alifagia yote. Mimi nilifyeka nyasi kwa panga la kuazima. Tulipomaliza akapiga magoti katikati ya lile moja na lile la pili, tukasali rozari. Mzee alikaa kando, kofia yake mkononi.

Kisha nikatoa daftari. Nikafuta ule mstari wa kalamu ya risasi, nikamwomba mzee anitajie waliozikwa pale. Akakumbuka 11. Wengine aliwajua kwa jina la ubatizo, wengine kwa kabila, mmoja kwa namba yake tu. Nikaandika kwa wino. Mke wangu aliketi karibu nami akitazama, na nilipofika kwenye jina la mama yake akanitajia herufi moja moja, nisije nikakosea.

Majina yale 11 husomwa parokiani kwetu kila tarehe 2 Novemba, pamoja na ile namba. Lushoto tulifika siku ya tano, na baridi yake nitawasimulia siku nyingine, Bwana Mhariri akinipa nafasi.