Upatu wa Manila

“Vaa hii kwanza, Ate,” aliniambia mdogo wa rafiki yangu, akanikabidhi kikofia cha wavu, chepesi kama utando wa buibui, kipya kabisa ndani ya karatasi yake. Ni cha kuvaa chini ya kofia ngumu, nywele zisigusane na jasho la abiria aliyetangulia. Nimepanda bodaboda Dar es Salaam tangu zilipoanza kujaa mitaani, na mara nilizowahi kupewa kofia ya abiria nazikumbuka moja moja, kwa sababu kila mara niliirudisha. Nilisingizia haraka. Kumbe nilikuwa naogopa vichwa vya watu.

Ate ni dada mkubwa. Mimi nami nikamwita Kuya, yaani kaka mkubwa, ingawa nampita miaka sita. Manila kila dereva ni Kuya na kila mama muuzaji ni Ate, na ndani ya sentensi wanabandika kineno “po” cha kumnyenyekea unayezungumza naye. Basi tukawa tunaheshimiana hivyo, kila mmoja akimkweza mwenzake, mpaka dada mtu akatuambia tunachekesha. Huyo dada nilifanya naye kazi hotelini Muscat kwa miaka mitatu. Tulipoagana aliniapisha kwamba nikipata likizo nitalala kwao. Nilifika Juni 2025, mvua ndiyo zinaanza.

Kuya anaishi kaskazini mwa Quezon City na ofisi yake ya mahesabu iko Ortigas. Kwa jipni, basi kisha treni anatumia saa mbili na nusu. Kwa pikipiki yake, dakika hamsini. Jioni akitoka kazini anawasha programu kwenye simu na kubeba abiria wa njia yake mpaka nyumbani, petroli ijilipe. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema woga wake wote aliumaliza ndani ya jipni, akitazama pikipiki zikimpita.

Njia yake inaanzia Commonwealth Avenue, barabara pana kuliko yoyote niliyowahi kuvuka, kuna mahali inafika njia kumi na nane, na kwa muda mrefu watu wameiita barabara ya mauaji. Tangu 2023 pikipiki zimechorewa njia yao huko, na ukitoka nje ya mstari unalipa faini. Kisha unaingia EDSA, kilomita 23 na ushei za zege zinazozunguka jiji. Hapo ndipo umati ulipokusanyika mwaka 1986 ukamwondoa Rais Ferdinand Marcos madarakani. Umati bado upo, ila siku hizi umekaa ndani ya magari na hauendi popote.

Nilitarajia kupenya kama kwetu, magoti yakikwaruza vioo vya magari. Haikuwa hivyo. Tarehe 26 Mei kamera za kutoza faini bila askari zilikuwa zimerudishwa kazini baada ya kusimamishwa na mahakama kwa karibu miaka mitatu, na kila mwenye pikipiki alikuwa amekumbuka ghafla mstari ni nini. Kuya alisema Wafilipino hawajabadilika, wameogopeshwa, na akiulizwa yeye kuogopeshwa kunatosha. Nikawaza bodaboda wetu wanaopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu pale Mwenge, wakikupigia honi wewe mwenye njia.

Kuhusu majina tulilingana. Pikipiki ya abiria huko inaitwa habal-habal, neno la visiwa vya Visayas ambalo asili yake ni namna nguruwe wanavyopandana. Kuya alinieleza akitazama pembeni kwa haya. Nikampa na langu: kwetu dereva akipakia watu wawili au watatu nyuma yake, amebeba mishikaki. Ilibidi nimchoree kijiti na vipande vya nyama kwenye leso ya karatasi ndipo akaelewa, akacheka, akaniomba neno hilo niliandike vizuri. Milimani Mindanao, alisema, wamekwenda mbali zaidi: wanafunga ubao kulia na kushoto, abiria wanakaa juu ya mbawa, na chombo kinaitwa Skylab. Bodaboda, nikamwambia, lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Akaona jina letu lina adabu kuliko lao.

Ila jambo moja lilinishinda kulielewa mpaka aliponieleza mara ya pili. Habal-habal, pamoja na vikoti vyake vya kung'aa, vikofia vya wavu na nauli inayosomeka kwenye simu kabla hujapanda, haina sheria inayoiruhusu. Sheria Namba 4136 ya mwaka 1964 inakataza pikipiki ya mtu binafsi kufanya biashara ya abiria. Kampuni ya Angkas ilipoanza kuunganisha madereva na abiria kwa simu, ilifungiwa, ikaenda mahakamani, ikafunguliwa, ikafungiwa tena na Mahakama ya Juu Desemba 2018. Katikati ya 2019 serikali ikapata njia ya kati: haya ni majaribio. Madereva 27,000 wakaruhusiwa kufanya kazi kama sehemu ya utafiti. Desemba mwaka huo zikaongezwa kampuni mbili, JoyRide na Move It, na ikatangazwa kwamba ndani ya Metro Manila kila kampuni ibaki na watu 10,000 tu. Maelfu wakaona wamechujwa, wakaingia barabarani kuandamana, na hesabu ikapandishwa.

Majaribio hayo yalikuwa bado yanaendelea siku niliyopanda. Kwetu bodaboda zilianza bila kumwuliza mtu, serikali ikahangaika nyuma yake, na kufikia 2010 zikawa na kanuni za leseni. Hatuna vikofia vya wavu, lakini tuna karatasi. Wao wana kila kitu, karatasi hawana.

“Mimi ni mtahiniwa, Ate,” alisema Kuya. “Mwaka wa sita huu. Sijafaulu, sijafeli.”

Siku ya tatu alinichukua mapumziko ya mchana twende mgahawa mdogo nyuma ya ofisi yake, sufuria zimepangwa mbele, unafunua mifuniko na kuonyesha kwa kidole. Juu ya friji kulikuwa na televisheni. Saa sita mchana Ufilipino nzima hutazama burudani, michezo na vichekesho na watu wa kawaida wakishindania pesa. Eat Bulaga ilianza 1979 na haijachoka. Mpinzani wake, It's Showtime, tangu 2016 umebeba shindano la kuimba liitwalo Tawag ng Tanghalan, mwito wa jukwaa, jina walilolirithi kutoka shindano la redio na televisheni la tangu miaka ya 1950. Kuya hakuridhika na kilichokuwa hewani. Akaegemeza simu kwenye chupa ya siki akanifungulia vipindi vya zamani, anavyovijua kama mtu anavyojua mechi za timu yake.

Anapanda mwuza samaki, mlinzi, mwalimu wa chekechea. Wanatangazwa kwa kanda wanazotoka: Luzon, Visayas, Mindanao, Metro Manila. Wimbo unaanza. Majaji wasipopendezwa, sahani kubwa ya shaba inagongwa katikati ya ubeti na mambo yameishia hapo. Mtu anainamisha kichwa, anatabasamu kwa shida, anashuka. Wao wanaiita gong, kwa masikio yetu gongo. Nilimwonya Kuya asiseme hivyo Tanzania, watadhani anatafuta pombe haramu. Neno letu sahihi ni upatu, na sijui ni watu wangapi Dar es Salaam wanakumbuka kwamba upatu ulikuwa chombo cha kupigwa kabla haujawa mchezo wa akina mama wa kupeana pesa kwa zamu.

Nilisema upatu ni ukatili. Yeye akashusha kijiko. Maneno yake nayaandika kama nilivyoyanukuu usiku ule: “Upatu ndiyo ofisi pekee ya nchi hii inayokujibu siku hiyohiyo.” Ukiimba vibaya unaambiwa vibaya, unapanda basi, unarudi kwenye samaki wako, hakuna anayekuweka kwenye utafiti. Asichokipenda ni kinacholetwa kabla ya wimbo: filamu fupi ya nyumba ya mabati, mama mgonjwa, muziki wa kinanda. Mwenye sauti nzuri na baba mzima mwenye kazi, alisema, ana kazi kubwa ya kuwashawishi watu. Na kingine ni birit, ile sauti ya kupanda mpaka juu kabisa mishipa ya shingo ikisimama. Kila mshiriki anapanda. Hakuna anayethubutu kuimba taratibu, maana taratibu haipigiwi makofi. Hapo nilikubaliana naye kabisa, na nikajuta kwamba sina namna ya kumsikilizisha mwimbaji wetu Bi Kidude alipokuwa haogopi kushuka.

Sisi nasi hatukuwa na huruma zaidi. Bongo Star Search ilipoanza, nyumbani kwetu tulisubiri usaili wa mikoani kuliko fainali, tuwaone walioshindwa, na uso wa jaji Madam Rita ulipobadilika sebule nzima ilianguka kwa kicheko. Tusker Project Fame nayo ilitufundisha kupigia kura bendera, siyo sauti: Mkenya kwa Mkenya, Mganda kwa Mganda. Kuya aliposikia akasema kwao bendera ni kisiwa. Mtu wa Cebu hawezi kufanya makosa machoni pa Cebu.

Kwake hadithi ya mashindano inaanza na msichana wa Iriga, huko Bicol, aliyeuza maji kwa abiria wa treni. Nora Aunor alitwaa ubingwa wa Tawag ng Tanghalan ya kale mwaka 1967, akawa mwigizaji mkubwa kupita wote, akatunukiwa cheo cha Msanii wa Taifa 2022, na alikuwa amefariki Aprili, miezi miwili tu kabla sijafika. Picha yake ilikuwa bado imebandikwa ukutani mwa mgahawa, pembeni ya bei ya supu. Mama mwenye mgahawa alituambia ana umri wa kukumbuka mistari ya watu nje ya sinema. Kuya anapenda zaidi ile sehemu ya treni. Mtu anakimbia pembeni ya behewa na chupa za maji, anauza kwa sauti, na sauti ndiyo inamtoa.

Na kuna walioshindwa wakatokea mlango mwingine. Sofronio Vasquez, kijana wa Mindanao aliyesomea udaktari wa meno, alipita Tawag ng Tanghalan bila kutwaa taji. Desemba 2024 alishinda The Voice ya Marekani, Mfilipino wa kwanza kufanya hivyo. Ofisini kwa Kuya walisimamisha kazi kutazama. Nikamwuliza je, upatu ulikosea? Akafikiri. “Hakupigiwa upatu,” alisema. “Alipewa namba nyingine tu. Hiyo inavumilika.”

Mwaka 2020 ulimpiga Kuya pande zote mbili. Machi, karantini ikasimamisha pikipiki za abiria. Tarehe 5 Mei, ABS-CBN, kituo kilichorusha It's Showtime, kilizimwa kwa sababu kibali chake kilikwisha na Bunge halikukifufua. Basi mtu yuko ndani, hana abiria na hana kipindi. Julai wakaruhusiwa wanandoa na wapenzi wanaoishi nyumba moja tu kupakizana, tena kwa masharti ya kuweka ngao ya plastiki katikati yao, watu waliolala kitanda kimoja. Askari kizuizini walitaka uthibitisho. Kuya na mkewe walitembea na cheti chao ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti, na mpaka leo kimo humo. Anasema hakuna mahali pakavu zaidi. Abiria walirudi Novemba. Kipindi kilihamahama, na tangu Aprili 2024 kinarushwa na GMA, waliokuwa mahasimu wakubwa wa ABS-CBN. Mtu akiniambia Simba wanafanyia mazoezi nyumbani kwa Yanga ndipo nitaelewa uzito wake.

Jioni ya mwisho mvua ilitukuta EDSA. Mvua ya kule haina utangulizi. Tukakimbilia chini ya daraja la juu, na tayari kulikuwa na pikipiki kama mia, injini zimezimwa, watu wanavaa makoti ya mvua au wanasubiri tu. Kukaa hapo muda mrefu ni kosa lenye faini, lakini askari aliyekuwepo naye alikuwa analowa. Mtu mmoja nyuma yetu, kofia ngumu bado kichwani, alianza kuimba. Sauti ilitoka kama iko ndani ya mtungi. Aliimba taratibu, bila kupanda, na hakuna aliyegeuka kumtazama, isipokuwa Kuya.

“Umewahi kujaribu?” nilimwuliza.

Mara moja, akasema, sikukuu ya mtakatifu wa mtaa wao, akiwa na miaka kumi na tisa. Upatu wao ulikuwa mfuniko wa sufuria. Alifika ubeti wa pili. Aliyekuwa ameshika mwiko ni shangazi yake.

Kisha nikarudi Dar es Salaam. Nilipotua kijiweni Mwenge, begi mgongoni, nikatoa kikofia cha wavu nilichobaki nacho nikakivaa, nikanyoosha mkono kuomba kofia ya abiria. Dereva akanitazama juu mpaka chini.

“Dada, unakwenda kupika shughuli ya nani?”

Kofia ya abiria, akasema, ameiacha nyumbani.